Jinsi ya kuiweka siti ya vespa kavu msimu wa masika kwa hela ndogo

Kila mwaka masika yakikaribia maswali ni yaleyale, hasa kwa wale waliochukua vespa juzi juzi: nifutie nini, ninunue kava gani, mbona siti nimeifuta ikawa kavu kabisa juu lakini nikikaa dakika mbili suruali inalowa. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nikaona bora niandike yote pamoja, hatua kwa hatua, mtu asome afanye mwenyewe. Mimi niko Unguja mjini, na huku kwetu skuta karibu yoyote tunaiita vespa hata kama ubavuni imeandikwa Honda au Yamaha, kwa hio nikisema vespa elewa skuta. Mwenye bodaboda Dar au Mombasa nae inamfaa, siti yake ndefu zaidi tu, vipimo ndo vinabadilika.

Kwa nini nimelishikilia hili jambo: kuna Ijumaa moja mwezi wa nne, mvua imepiga asubuhi yote, saa sita ikakatika, nikatoka na kanzu nyeupe imepigwa pasi. Siti nikaifuta kwa leso mara mbili, nikaigusa kwa kiganja, kavu. Nafika msikitini nashuka, nyuma kanzu ina duara la maji ya kahawia ukubwa wa sahani, yale maji machafu yaliyokaa kwenye sponji siku kadhaa. Nikarudi nyumbani kubadilisha na khutba ikanipita. Tangu siku hio sikukubali tena. Na dada zetu wanaoendesha na mabuibui wanajua zaidi yangu, lile buibui jeusi halionyeshi alama lakini unafika kazini umekaa kwenye nguo mbichi mpaka saa nane, hio ni adha na si afya.

Maelezo kidogo tu kabla ya kazi. Siti ina vitu vitatu, chini plastiki ngumu (za zamani ni bati), katikati sponji, juu leza. Leza yenyewe haipitishi maji. Maji yanaingilia kwenye vitundu vya sindano pale kwenye mshono, na kwenye nyufa ndogo ambazo jua limezifanya. Sponji ikishanyonya haitoi haraka, inakaa nayo siku nyingi, wewe ukikaa juu unaikamua kwa uzito wako na maji yanapanda kupitia vitundu vilevile yalikoingilia. Ndo mana kufuta juu hakusaidii kitu. Kwa hio kazi ni mbili, kuyatoa maji yaliyokwisha ingia, alafu kuzuia mengine yasiingie. Watu wengi wanaruka ile ya kwanza wanakimbilia kava, wanafunika siti iliyolowa, wanarudi wanalalamika kava mbovu.

Vitu vya kuandaa

Kikubwa ni kitambaa cha meza cha plastiki, kile cha maua maua kinachouzwa kwa mita Darajani, Mwanakwerekwe, Kariakoo, popote. Chagua chenye kitambaa chepesi mgongoni, usichukue kile cha nailoni tupu kinachoonyesha, kile kinachanika kwenye mshono wiki ya pili. Upana wake mara nyingi ni sm 137 au 140. Kwa siti moja sm 70 zinatosha, lakini soma hatua ya 4 kwanza kabla hujaenda dukani, ukiungana na mwenzako mnaokoa hela.

Vingine:

- lastiki ya upana wa sm 1 hivi, mita moja na nusu
- uzi wa nailoni, usiwe wa pamba mana wa pamba unaoza na maji
- tepu ya fundi nguo, au kamba na rula kama huna
- mkasi, peni, pini ya nguo
- spana, siti nyingi za skuta ni namba 10 lakini angalia yako
- mataulo mawili makuukuu
- gundi ya viatu kopo dogo, spiriti ya duka la dawa, na kipande cha leza. Hiki usinunue, nenda kwa fundi makochi umuombe mabaki, anavitupa kila siku
- magazeti ya zamani au tishu

Cherehani kama huna mpe fundi, kazi yenyewe ni ya nusu saa. Bei zinacheza kwa hio sitakuwekea orodha, ila mimi mara ya mwisho kila kitu na fundi juu haikufika elfu 15, na gundi nimebaki nayo. Uliza maduka mawili matatu, maua yaleyale duka hili bei hii, la pili bei nyingine.

Alafu kuna ule ushauri wa zamani wa kuvesha siti mfuko wa plastiki, rambo kama wanavyoita wenzetu wa bara. Achana nao. Mifuko hio bara imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 na huku visiwani marufuku ilitangulia zamani, na hata kabla ya marufuku haikuwa dawa, ni laini, upepo mmoja imeruka, na tundu moja la kucha linatosha kulowesha siti nzima.

Hatua kwa hatua

1. Jua kama sponji imelowa. Futa siti juu ikauke. Chukua tishu kavu, itandaze juu ya mshono, alafu weka ngumi juu yake uegemee kwa uzito wako wote, hesabu mpaka kumi. Hama sehemu nyingine, fanya mbele, katikati, nyuma anapokaa abiria. Tishu ikitoka na mstari wa maji unaofuata mshono, sponji imelowa na maji yanapitia mshono. Ikitoka na doa peke yake mbali na mshono, hapo pana ufa hata kama huuoni, weka alama kwa peni. Ikitoka kavu kote, una bahati, ruka hatua ya 2.

2. Toa siti ukaushe sponji. Fungua siti, toa vitu vyote kwenye boksi la chini. Kule mbele kwenye bawaba utaona nati mbili, kabla hujazilegeza tandaza kitambaa chini yake, mana nati ikidondoka ikapita pembeni inaingia kwenye mashine na kuitafuta ni kazi ya mchana mzima. Vespa zenyewe za zamani, zile za gia mkononi, nazo siti inafunguka kwa bawaba ila zinatofautiana mwaka na mwaka, nyingine ukifika unaona bisibisi badala ya spana, siyo tatizo.

Siti ikishatoka igeuze chini juu. Utaona kwenye ile plastiki kuna vitundu vidogo, hivo ni vya kupumulia na kutolea maji, usije ukaviziba kwa kudhani ndo panapovuja. Isimamishe kwa pua, yaani upande mwembamba uwe chini, uiegemeze ukutani usiku kucha na taulo chini yake. Asubuhi utaliona lile taulo lilivyolowa, mara ya kwanza mimi sikuamini, siti niliyokuwa naiona kavu ilitoa maji ya kujaza kikombe cha chai. Baada ya hapo kila ukipita ilaze juu ya taulo kavu uiegemee kwa magoti, geuza, egemea tena.

Kausha kivulini penye upepo, au iwekee feni. Masika jua la uhakika hakuna, na likitoka usiilaze leza ielekee jua masaa, inakauka mafuta yake inapasuka, ndo unaanza nyufa upya. Sponji iliyolowa sana inataka siku moja na nusu mpaka mbili. Kama huwezi kukaa siku mbili bila siti, fanya Jumamosi jioni mpaka Jumatatu asubuhi, ikibaki na ubichi kidogo si neno.

3. Ziba nyufa na mshono. Hapa usiwe na haraka. Osha leza kwa sabuni, suuza, ikauke, alafu pitisha spiriti kwa pamba pale utakapopaka gundi, mana siti imejaa mafuta ya suruali na ya zile dawa za kung'arisha na gundi haishiki juu ya mafuta. Kata kiraka cha leza kikubwa kuliko ufa kwa sm 2 kila upande, na kona zake uzikate mviringo. Kona ya pembe inainuka, ya mviringo haiinuki. Paka gundi ya viatu nyembamba kwenye kiraka na kwenye siti, usibandike papo hapo, subiri kama dakika kumi mpaka ukigusa kwa kidole haikufuati, hapo bandika, alafu viringisha chupa ya soda juu yake kwa nguvu kutoka katikati kwenda nje.

Mshono wenyewe: chukua njiti ya kiberiti, chovya kwenye gundi, pitisha mstari mwembamba juu ya uzi kote, uache ikauke, rudia mara ya pili. Haipendezi sana ukiangalia karibu lakini vitundu vinaziba.

Onyo kubwa hapa ni supaglu. Naiona kwenye siti nyingi sana. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, wewe ukikaa siti inabonyea lakini hio supaglu haibonyei, inapasuka, na ile ncha yake inakata uzi wa mshono. Ulikuwa na tundu la sindano, sasa una mdomo. Na selotepu nyeusi ya umeme nayo jua likiwaka gundi yake inayeyuka, inahamia kwenye kanzu.

4. Pima. Rudisha siti kwenye vespa kwanza, usipime ikiwa mezani. Pima vitatu: urefu wa juu kutoka pua mpaka mkiani ukifuata mgongo wa siti (tepu iuguse mgongo, isipite hewani), upana pale palipo pana zaidi, na kina cha ubavu kutoka ukingo wa juu mpaka chini kabisa uongeze kidogo ili kava ipinde kwenda chini ya siti. Kisha ongeza sm 4 za upindo kila upande.

Mfano wa siti yangu: urefu 72, ubavu 12 mbele na 12 nyuma, upindo 4 na 4, jumla sm 104. Upana 32, ubavu 12 na 12, upindo 4 na 4, jumla sm 64. Sasa kitambaa kina upana wa sm 137, kwa hio ule urefu wa 104 unaulaza kwenye upana wa kitambaa, na dukani unakatiwa sm 64 tu, chukua 70 kwa usalama. Mkiwa wawili mita 1 na sm 30 inatoa kava mbili. Ndo mana nikasema soma kwanza, wengi wanakwenda wanakata mita 2 kwa siti moja.

Panapokosewa zaidi ni nyuma, kwenye ule mkono wa chuma wa abiria kushikilia. Kama kwako umebana sana na siti, vidole havipiti, kava haitapita pia, inabidi ipande juu ya mkono wenyewe, kwa hio pima kuanzia pua mpaka nje ya mkono. Usikate mpasuko wa kupitishia chuma, mpasuko ni mlango wa maji.

5. Kata. Laza kitambaa maua chini, chora mstatili wako kwa peni mgongoni, kona nne zikate mviringo kwa kufuata sahani ya chakula. Usikate vipande viwili ukaunga. Kava nzuri ni kipande kimoja, juu isiwe na mshono hata mmoja, ukiweka mshono juu umeirudisha ileile shida ya siti.

6. Shona upindo. Kunja ukingo wote kwa sm 4, weka mshono mmoja kuzunguka kiasi cha sm 2.5 kutoka ukingoni ili ibaki njia ya kupitisha lastiki, acha mdomo wa sm 5 usioshonwa. Cherehani ya kawaida ya nyumbani, hizi Butterfly za mama zetu, inaweza, ila weka sindano nene namba 16 au 18 na mshono mrefu, milimita 4 hivi. Mshono mfupi unatoboa plastiki tundu juu ya tundu, ukivuta inachanika mstari mzima kama stempu. Tatizo la pili ni mguu wa cherehani kung'ang'ania plastiki, haisogei, inarundikana. Pitisha kipande cha gazeti katikati ya mguu na plastiki, ukimaliza unalichana unalitoa.

Kwenye zile kona za mviringo itajikunja kunja, usihangaike, lastiki itaificha.

7. Ingiza lastiki. Zungusha kamba chini ya siti upate mzunguko, kata lastiki theluthi mbili ya hapo. Mimi mzunguko wangu sm 190, lastiki nikakata 127. Ikiwa ndefu kava inalegea, ikiwa fupi sana inaivuta plastiki mpaka mshono unaachia. Funga pini ya nguo kwenye ncha moja, ncha nyengine ibane kwa pini nyengine isije ikatokomea ndani, pitisha mpaka izunguke, shona ncha mbili pamoja (fundo peke yake linateleza), ziba ule mdomo.

8. Vesha. Kwenye skuta ni rahisi, fungua siti, vesha kama kofia lastiki iingie chini ya ukingo, funga siti. Hapo imebanwa, hata kusi ikivuma haitoki. Angalia loki tu ya nyuma, kama kava inaingia kwenye ulimi wa loki siti haitafunga vizuri, irudishe nyuma kidogo au kata hapo nafasi ndogo ya nusu mduara, iwe chini kabisa.

Bodaboda ambazo siti haifunguki itabidi uongeze mkanda wa kupita chini. Kata utepe wa tyubu ya baiskeli, shona upande mmoja wa kava, upande wa pili weka klipsi ya begi kuukuu. Ufunge upite mbali na ekzosi, na usiku huohuo ujizoeze kuutoa kabla ya kuwasha. Mkanda unaoning'inia ukiingia kwenye cheni au gurudumu la nyuma ni ajali, hili nalisema kwa uzito wote.

9. Jaribu kabla mvua haijakujaribu. Tandaza gazeti kavu juu ya siti, vesha kava, chukua kidumu cha lita 5 kitoboe kifuniko vitundu vitatu vinne, mwagia taratibu mpaka kiishe, subiri dakika kumi. Fungua usome gazeti lako, palipolowa ndo panapovuja. Ikilowa ukingoni tu, sm moja mbili, ni sawa. Ikilowa katikati rudi uangalie kama hukutoboa kwa pini.

10. Matumizi ya kila siku. Kabla ya kufunika futa siti, kila mara, hata kama unaona kavu. Ukiondoka kamata kava pembe mbili, ipige kofi moja maji yaruke, ikunje upande wa mvua uwe ndani, itie kwenye mfuko wake ndani ya boksi. Ukifika nyumbani itundike. Usiku wa nyota bila mawingu acha siti wazi kama vespa iko uani, ipumue.

Usiendeshe kava ikiwa juu, ila ile siku ya dharura niliyoiandika mwisho kabisa. Plastiki ikilowa inateleza kama sabuni, wewe mbele una usukani wa kushika lakini abiria hana, na huku kwetu mama anakaa upande mmoja na mtoto mapajani. Breki moja ya ghafla kwenye rami ya mvua, mtu yuko chini. Dakika ya kuvua kava ipo.

Kwa asiyetaka kushona kabisa

Tafuta kiroba chenye nailoni ndani, kama vile vya sukari vya kilo 50, muombe mwenye duka. Kiroba kitupu cha mchele kisicho na nailoni hakizuii maji, kimefumwa, maji yanapita katikati ya nyuzi. Ukipata cha mbolea ni kizuri pia ila kioshe mara tatu kwa maji mengi mana ile chumvi ya mbolea inakula chuma. Kivalishe siti kutoka mkiani kwenda pua, kilichobaki kipinde chini, funga kwa utepe wa tyubu sehemu mbili. Si kizuri kama kava ya kushona, pua ya siti mara nyingi inapata maji, lakini ni bure na kinavuka msimu.

Zile kofia za kuogea zenye lastiki nazo watu wananiuliza sana. Zinafaa siti ya baiskeli. Ya vespa haitoshi.

Pa kuegesha

Hili halina gharama yoyote na watu hawalijali. Usiegeshe chini ya ukingo wa bati kwa kudhani umejikinga, pale panashuka maji ya paa zima kwenye mstari mmoja, ni afadhali ukae kwenye mvua ya wazi. Chini ya mwembe mvua ikishakatika mti unaendelea kudondosha saa nzima, na utomvu wake ukigusa leza hautoki. Na kama stendi ya pembeni ipo itumie kuliko ya kati, vespa ikiinama maji hayatuami kwenye lile bonde la katikati ya siti, yanateremka. Ardhi ikiwa laini weka kipande cha marumaru au ubao chini ya stendi, la sivyo utaikuta imelala.

Yakitokea haya

Kava haivuji lakini siti ina unyevu asubuhi. Hilo ni jasho, joto la siti limekutana na ubaridi wa usiku chini ya plastiki. Tandaza kipande cha kanga kuukuu kavu chini ya kava, asubuhi kitoe kianike. Kila siku kipya, ukikiacha humo kinageuka yenyewe ndo chanzo cha unyevu.

Siti inanuka ukungu. Ulifunika ikiwa mbichi. Toa siti, siki nusu maji nusu, futa leza na ile plastiki ya chini, alafu rudi hatua ya 2. Harufu ikirudi baada ya wiki mbili sponji imeoza, hakuna dawa, nenda kwa fundi makochi akuwekee nyengine, na ukishafika hapo mwambie avike sponji nailoni nyepesi kabla ya kurudisha leza. Hio ndo kinga kubwa kuliko zote na kama ulikuwa unabadilisha leza kwa sababu nyengine yoyote usikose kumwambia.

Boksi la chini lina maji ingawa siti kavu. Angalia ule mpira unaozunguka mdomo wa boksi, umekauka au umekaa vibaya. Kava ikiwa imeingizwa ndani sana nayo inaweza kuwa inayaongoza maji humo, ivute ukingo utoke nje kidogo.

Baada ya mvua kubwa vespa inawaka alafu inakata kata. Vespa nyingi mdomo wa tanki uko chini ya siti. Kama mpira wa kifuniko umechoka maji yanaingia kwenye petroli. Usiendelee kulazimisha, mpelekee fundi amwage tanki, na ubadilishe ule mpira. Na usifungue siti kujaza mafuta mvua ikinyesha bila mtu kukushikia kitu juu.

Kiraka kimeinuka ukingo. Hukusafisha kwa spiriti au hukusubiri gundi. Kibandue chote, usipake gundi juu ya gundi.

Kava imekuwa ngumu, inapasuka kwenye mikunjo. Jua limeimaliza, ni kawaida, yangu ya kwanza ilivuka masika na vuli moja. Lastiki na mkanda vitoe uvihamishie kwenye mpya.

Na la mwisho wanaloniuliza sana: hujafanya lolote katika haya, mvua imenyesha usiku kucha, sponji imejaa na kazini saa mbili. Usihangaike kuifuta. Egemea siti kwa taulo mara tano sita utoe unachoweza, alafu tandaza ile kava au kiroba juu ya siti iliyolowa, ipinde chini ya ukingo ukaze, juu yake weka taulo dogo au kipande cha gunia ili usiteleze, kaa. Maji ya sponji yatabaki chini ya plastiki na wewe utafika mkavu. Usibebe mtu siku hio, nenda polepole, na jioni ukirudi toa siti uisimamishe kwa pua.